Kubandika stika ya frosti kwenye madirisha ya nyumba za Pwani ya Kusini

Ukipitisha kidole asubuhi kwenye kioo cha dirisha linalotazama bahari, iwe Shangani ya Mtwara, Mikindani au mjini Lindi, kidole kitarudi na utando mwembamba unaonata. Ni chumvi. Newala na Masasi badala ya chumvi kuna vumbi jekundu, na kwenye vijiji vya mikorosho, msimu wa kupuliza salfa, kuna unga wa manjano unaotua juu ya kila kitu kilichoachwa wazi. Stika ya frosti, ile plastiki yenye ukungu mweupe inayobandikwa kwenye kioo ili walio nje wasione ndani, haishiki juu ya chumvi, vumbi wala salfa. Inashika kioo kitupu tu. Ndiyo maana humu maelezo ya kuosha yamechukua nafasi kubwa, na fundi atakayekuambia atamaliza nyumba nzima kwa saa mbili muulize kuosha peke yake kutachukua muda gani.

Frosti inaficha nini, na haifichi nini

Frosti hutawanya mwanga. Mwanga unapita, sura haipiti, na hali hiyo ni ileile mchana na usiku. Hapo ndipo inapotofautiana na tinti inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Tinti ya namna hiyo humficha aliye upande wenye giza zaidi. Mchana ndani ndiko kwenye giza, kwa hiyo mpita njia anajiona mwenyewe. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: unayejiona kwenye kioo ni wewe, na aliye nje anakutazama kama runinga. Kama dirisha lako liko barabarani na sebule inawashwa taa kila jioni, tinti ya kung'aa peke yake haikufai.

Frosti nayo ina mpaka wake. Usiku, taa ikiwa nyuma ya mtu na mtu akiwa karibu na kioo, kivuli chake kinaonekana nje: umbo, bila uso wala nguo. Akisogea nyuma mita moja au mbili, kivuli kinafifia. Kwa bafu, kabla ya kununua stika, tazama taa imefungwa wapi. Ikiwa ukutani upande wa pili wa dirisha, anayeoga anasimama katikati ya taa na kioo, na kivuli kinakwenda nje. Ukiihamishia taa hiyo juu ya dirisha lenyewe, shida imekwisha, na gharama yake ni waya kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulikumbuka baada ya kumaliza kazi: stika inafanya kazi dirisha likiwa limefungwa. Kuanzia Novemba hadi Machi, kwa joto la huku, nani anafunga dirisha? Dirisha la aluminiamu la kusukuma likifunguliwa, nusu yake inabaki wazi kabisa na vioo viwili vinakaa kimoja juu ya kingine. Kwa hiyo usitupe pazia. Wavu wa mbu husaidia kidogo mchana, ila usiku taa ikiwaka hausaidii.

Si lazima kioo kizima kifunikwe. Macho ya mtu mzima aliyesimama huwa kati ya sentimita 150 na 165 kutoka chini alipokanyaga. Toka nje, simama pale wanapopita watu, mwombe mtu wa ndani aweke kidole kwenye kioo pale macho yako yanapofika, kisha ongeza sentimita 20. Ukiishia hapo, juu panabaki kioo safi cha kuleta mwanga na kuona minazi. Angalia tu kwamba ardhi ya nje mara nyingi haiko sawa na sakafu. Nyumba ya mteremkoni, na Lindi mjini ni nyingi, inaweza kuonekana kutoka barabara ya juu hata kama stika imefika mita mbili.

Aina za stika

Dukani zote zinaitwa frosti, lakini ziko tatu.

Ya kwanza haina gundi. Ni PVC laini inayojishikilia kwenye kioo kwa kunyonya tu. Hii ndiyo ya mpangaji: ukihama unaibandua, unaiviringisha na karatasi yake, unaondoka nayo. Udhaifu wake ni pembe. Vumbi likiingia chini ya ukingo, inaachia, na kwenye dirisha linalopigwa jua kila siku hujikunja. Ikiachia, ioshe kwa maji na sabuni pande zote mbili, irudishe.

Ya pili ni PVC yenye gundi, ndiyo wanayouza na kutumia mafundi wa mabango. Unene wake wa kawaida ni kama mikroni 80 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Ni nyumbufu, inakatika kirahisi, inasamehe makosa. Baada ya miaka ya jua hunywea kidogo na kukauka, na ikikauka kubandua kwake ni kazi ya vipande vipande.

Ya tatu ni ya poliesta, ngumu zaidi, ukiikunja inatoa mlio na inaacha alama ya mkunjo ambayo haitoki. Unene wa mikroni 50 hutosha. Hainywei kama PVC na huvumilia jua zaidi, kwa hiyo kwa dirisha la kudumu hii ndiyo tunayoipendelea. Lakini ikikunjika mara moja mikononi, kipande hicho kimekwisha. Asiyewahi kubandika aanze na PVC.

Kuna vioo visivyofaa. Kioo cha maua, kile chenye michoro ya mabonde na vilima, tayari kinaficha; ukilazimisha, bandika upande wake laini tu. Kioo chenye ufa au kilichomeguka pembeni kibadilishwe kwanza, maana joto la jua likikipanua kisivyo sawa, ufa unakimbia. Na yale mabamba ya plastiki angavu yaliyowekwa badala ya kioo hayafai kabisa: plastiki hutoa hewa polepole, nayo hewa inafanya mapovu chini ya stika hata kama ulibandika vizuri.

Vipimo

Pima kioo chenyewe, usipime fremu. Weka tepu pale mpira wa fremu unapokutana na kioo. Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini. Urefu mara tatu pia. Fremu nyingi za aluminiamu haziko pembe mraba kamili, na tofauti ya milimita 4 kati ya juu na chini ni jambo la kawaida. Chukua kipimo kikubwa, ongeza sentimita 5, yaani mbili na nusu kila upande. Ziada hiyo itakatwa mwisho, stika ikiwa dirishani. Kukata kipimo kamili mezani kabla ya kubandika kunawezekana, lakini hapo chukua kipimo kidogo na upunguze milimita 3, na hakuna nafasi ya kupinda.

Stika huuzwa kwa mita, na bei inafuata upana wa roli. Roli za sentimita 60, 90, 122 na 152 ndizo zinazopatikana zaidi. Muulize muuzaji upana kabla ya bei, kwa sababu mita moja ya roli ya 60 na mita moja ya roli ya 122 si kitu kimoja. Tuseme dirisha la chumba lina vioo viwili, kila kimoja sentimita 68 kwa 112. Kwa roli ya 122, urefu wa kioo unalala kwenye upana wa roli, na unakata sentimita 73 mara mbili: mita 1.46. Kwa roli ya 90, upana wa kioo unalala kwenye upana wa roli, na unakata sentimita 117 mara mbili: mita 2.34. Piga hesabu ya zote mbili kwa bei ya duka lako ndipo uamue. Kisha ongeza nusu mita ya kujifunzia, na uanze na dirisha la stoo au la choo cha nje. Usianze na sebule.

Vipande vya dirisha moja vikatwe kwa mwelekeo mmoja. Ukigeuza kimoja, chembe za ukungu zinaweza kupokea mwanga tofauti, na jioni jua likiingia kwa pembe utaona kimoja cheupe, kingine cha kijivu.

Siku na saa

Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini Oktoba na tena Februari, na kati ya Machi na Septemba linakaa upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini, ambalo wengi hudhani halina jua, hupigwa jua miezi hiyo. Kioo cha moto hukausha maji kabla hujapanga stika, na gundi inashika pale ilipogusa. Fanya kazi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Weka kiganja kwenye kioo: ukihisi joto, subiri.

Watu wengi humalizia nyumba kati ya Oktoba na Desemba, fedha ya korosho inapoingia. Ndiyo miezi ya joto na ya kuelekea mvua, wala hakuna ubaya, mradi ukumbuke kwamba hewa ikiwa nzito, maji chini ya stika hukawia kutoka. Kama una hiari ya kuchagua, Juni hadi Agosti ni nzuri: hewa kavu, asubuhi za baridi. Ubaya wake ni upepo wa kusi, unaoleta chumvi na vumbi, kwa hiyo madirisha mengine ya chumba yafungwe unapofanya kazi.

Kuosha

Ondoa mapazia. Fagia, kisha piga deki, uache saa nzima vumbi litulie. Zima feni, na usiiwashe mpaka umalize. Feni huleta vumbi na kukausha maji, na stika ikishavuliwa karatasi yake inavuta unyoya wowote uliomo hewani.

Mwagia kioo maji matupu kwanza, mengi, kabla ya kukigusa na kitambaa. Ukianza kusugua, chembe za chumvi na mchanga zinakuwa msasa. Baada ya maji matupu ndipo maji ya sabuni, na sifongo laini. Suuza tena.

Sasa tafuta vilivyoganda: matone ya rangi, saruji ya plasta, silikoni, kinyesi cha inzi. Vidole vinaona kuliko macho hapa. Pitisha ncha za vidole kioo kizima. Loweka kwa maji ya sabuni, chukua wembe mpya, ulaze kwa pembe ya chini, sukuma kwa upande mmoja tu. Usirudi nyuma na wembe ukiwa umegusa kioo, kwa sababu chembe iliyonaswa chini yake itachora mstari. Wembe kwenye kioo kikavu hauruhusiwi. Kwa saruji, bandika tambara lililolowa siki kwa dakika 15, litalainisha. Kioo kilichokazwa kwa moto, kile chenye muhuri mdogo pembeni, kikwanguliwe kwa tahadhari na pale tu palipo na doa, kwani uso wake unaweza kuwa na chembe ndogo za kiwandani ambazo wembe huzing'oa na kuziburuta.

Kisha mipira na pembe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kwenye mfereji kati ya mpira na kioo kuna uchafu wa miaka, na ukipulizia maji wakati wa kubandika, uchafu huo unaelea na kuingia chini ya stika. Zungushia kitambaa kwenye kadi ya plastiki ngumu, pitisha pande zote nne, badilisha kitambaa, pitisha tena mpaka kitoke safi.

Mwisho futa kwa spiriti kwenye kitambaa kisichotoa manyoya, kuondoa mafuta ya vidole. Taulo na khanga mpya zinatoa manyoya. Fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi inafaa. Baada ya spiriti usikiguse kioo kwa mkono.

Maji ya kubandikia

Hapa usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi au chokaa, na maji yakikauka chini ya stika yanaacha madoadoa meupe ambayo huwezi kuyafikia tena. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya kunywa ya chupa. Kwa dirisha la vioo viwili andaa lita mbili, utabaki na akiba.

Kwa lita moja weka robo kijiko cha chai cha shampuu ya mtoto au sabuni ya vyombo isiyo na rangi. Kwa chupa ya kupulizia ya nusu lita ni matone 10 hadi 12. Usitikise mpaka povu lijae, geuza chupa taratibu. Sabuni ikizidi, gundi inadhoofika na unabaki na utando wa mafuta. Ikipungua, stika inashika mara moja na huwezi kuisogeza. Jaribu kwenye kipande cha kujifunzia: stika iteleze kwa vidole viwili bila kulazimishwa, lakini isianguke yenyewe ukiiachia.

Vifaa vingine: skwiji, ile plastiki bapa ya mafundi wa mabango (kadi ya zamani ya benki iliyofungwa kitambaa inatosha kwa kioo kidogo), kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunja ncha, rula ya chuma, tepu ya karatasi, na mtu wa pili. Kioo kilichozidi sentimita 60 usijaribu peke yako.

Kubandika

Bandika upande wa ndani. Nje, upepo wa chumvi na jua hufupisha maisha ya stika, na mtoto yeyote mwenye kucha anaweza kuibandua.

Kutenganisha stika na karatasi yake, weka kipande cha tepu kwenye pembe moja, mbele, na kingine nyuma, kisha vuta tepu hizo mbili kwa pande tofauti. Mwenzako ashike pembe za juu. Wewe vuta karatasi polepole kuelekea chini huku ukipulizia maji upande wa gundi kila sentimita chache. Maji hayo huua umeme unaovuta vumbi, na huzuia gundi isijishike yenyewe. Gundi ikijikunjia na kugusana ikiwa kavu, mara nyingi kipande kimeharibika. Ikiwa imelowa inaachana.

Lowesha kioo kizima, kichuruzike. Wanaoanza huogopa maji, na hilo ndilo kosa lao kubwa. Beba stika kwa pembe za juu, iguse juu kwanza, iache ishuke yenyewe. Isogeze mpaka ziada iwe sawa pande zote nne. Ikikataa kusogea, usiivute: inua upande ulio karibu, pulizia tena, irudishe.

Pulizia sasa uso wa nje wa stika, ili skwiji iteleze isikwaruze. Mpigo wa kwanza uwe katikati, wa mlalo, kutoka katikati kwenda kulia, kisha kushoto. Huo unaifunga stika isihame. Halafu panda juu mpigo kwa mpigo, kila mmoja ukifunika theluthi ya uliotangulia, halafu shuka chini. Siku zote unasukuma maji kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukianza pembeni unafungia maji ndani. Mkono uwe mwepesi raundi ya kwanza, na mzito raundi ya pili baada ya kupulizia uso tena.

Kukata ziada: vunja ncha ya kisu upate wembe mpya. Laza rula au kadi kwenye kona ya mpira na kioo, na ukate kwa kuegemea rula upande wa kioo, ili ubaki mwanya wa milimita 1 hadi 2 kati ya stika na mpira. Mwanya huo ni wa lazima. Maji yanatokea hapo, na stika isiyogusa mpira haiinuliwi na mpira. Stika iliyopanda juu ya mpira hata milimita moja itaachia pembe hiyo. Tumia uzito wa kisu tu. Unakata plastiki, kioo usikiguse kwa nguvu. Vunja ncha mpya kwa kila kioo, maana wembe butu unararua badala ya kukata.

Baada ya kukata rudia skwiji kingo zote, kisha bonyeza kingo kwa kadi iliyofungwa kitambaa kikavu kunyonya maji yanayotoka. Rudi baada ya nusu saa ubonyeze tena. Pembe nne zinahitaji mara tatu.

Grili, luva na kioo kipana

Nyumba nyingi zina grili upande wa ndani, na mkono hauwezi kupitisha mpigo mmoja mrefu kati ya nondo. Usibandike kupitia grili. Ikiwezekana, toa kioo cha kusukuma kwenye reli yake: inua juu mpaka chini itoke kwenye mfereji, vuta chini kuelekea kwako, kishushe. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha milimita 5 cha sentimita 68 kwa 112 ni kama kilo 9 na nusu, bila fremu. Watu wawili, viatu miguuni. Kilaze juu ya meza yenye blanketi na ubandike hapo, na utaona kwamba mezani kazi inakuwa nyepesi kuliko ukutani. Kabla ya kukirudisha, kumbuka vioo vya kusukuma vinapishana: stika ya kioo cha nje inapitiwa na fremu ya kioo cha ndani na manyoya yake ya kuziba mwanya. Pitisha kadi kwenye mwanya. Kama haipiti, acha ukingo huo bila stika kwa sentimita 2.

Luva za nyumba za zamani ni kazi ya uvumilivu. Toa kioo kimoja kimoja kwenye vishikio vya aluminiamu. Vaa glovu, kingo nyingine hazikusagwa. Vioo vya luva kwa kawaida ni inchi 4 au inchi 6 kwa upana, na vipande vya stika hukatwa mezani kwa rula vikiwa na karatasi yake. Ile sehemu inayoingia kwenye kishikio iache tupu, la sivyo stika inakwaruzwa kila unapokirudisha. Weka alama ya namba kwa tepu kwenye kila kioo, kwani vikichanganyika kimoja hukataa kuingia na mwingine huanza kulaumu stika.

Kioo kikiwa kipana kuliko roli, kutakuwa na kiungo. Panga kiungo kiwe nyuma ya nondo ya grili, hakuna atakayekiona. Bandika kipande cha kwanza, kisha cha pili kikipanda juu ya cha kwanza kwa sentimita 1, weka rula katikati ya hapo palipopandana, kata tabaka zote mbili kwa pigo moja, ondoa vipande viwili vyembamba, cha juu na cha chini, kisha pulizia na ubonyeze. Kingo zinakutana zenyewe bila mwanya.

Kukauka, na kasoro

Siku za kwanza utaona ukungu usio sawa, mawimbi na vilengelenge vidogo vya maji. Usivitoboe. Maji yanatoka polepole kupitia kingo na stika yenyewe. Kwa wiki moja au mbili vingi hupotea, na stika ya poliesta wakati wa masika inaweza kuchukua hadi siku 30. Usioshe kioo wiki mbili za kwanza.

Kilengelenge cha hewa hakipotei. Kukitambua: ubonyeze kwa kidole, maji husogea chini yake, hewa hurudi palepale. Kitoboe ukingoni kwa sindano nyembamba, ukisukume kuelekea tundu. Doa gumu katikati lenye duara jeupe kulizunguka ni chembe ya mchanga, na hilo halina dawa isipokuwa kubandua sehemu hiyo siku ileile, kuosha kwa kupulizia, na kurudisha. Kesho yake gundi imeshashika.

Pembe zikiachia zote, sabuni ilizidi au spiriti haikutumika. Ikiachia pembe moja tu, tazama mpira. Michirizi meupe inayofuata njia ya skwiji ni maji yaliyobaki, yatatoka. Madoadoa meupe yaliyosambaa kioo kizima baada ya mwezi ni ya maji ya kisima, na hayo yatabaki mpaka ubandike upya. Mikwaruzo mifupi kwenye uso ni skwiji kavu.

Kwa dirisha la bafu, stika ikishakauka mwezi mzima, ziba ule mwanya wa milimita 2 kwa mstari mwembamba wa silikoni angavu isiyo na harufu ya siki, ili mvuke usiingie chini. Ukiziba mapema unafungia maji ndani.

Kusafisha baadaye ni kitambaa laini na maji ya sabuni. Usitumie brashi, unga wa kusugulia wala wembe. Upande wa nje wa kioo, ule wa baharini, endelea kuumwagia maji matupu kila wiki, hasa miezi ya kusi.

Kubandua

Subiri alasiri kioo kipate joto, au tumia draya ya nywele kwa umbali wa sentimita 15. Anza pembe ya juu kwa ukucha, vuta polepole ukiikunja karibu na kioo. Ukivuta kwa haraka, plastiki inatoka na gundi inabaki. Stika ya PVC iliyokauka kwa jua ipulizie maji ya sabuni, ifunike kwa nailoni saa moja, kisha ikwangue kwa wembe mpya kwenye kioo kilicholowa. Gundi iliyobaki hulainika kwa mafuta ya kula yakiachwa dakika 20. Mafuta ya taa hufanya haraka zaidi, lakini madirisha yawe wazi na jiko limezimwa. Baada ya mafuta yoyote osha mara mbili kwa sabuni na umalize kwa spiriti, hata kama unarudisha stika mpya siku ileile.